Nilisema Sina Pingamizi

Betri ya pikipiki ya ndugu yangu ilishika moto Jumapili asubuhi, watu wa ibada ya kwanza wakiwa ndio wanatoka kanisani. Ndugu yangu huyu ni kitinda mimba wetu. Amefanya kazi ya bodaboda Ruiru miaka mingi, na wakati huo ilikuwa imepita miezi michache tu tangu aache pikipiki ya petroli na kuchukua ya umeme. Alikuwa akiishi mtaa wa Gitothua na mke wake na binti yao mdogo, kwenye nyumba ya mabati ya vyumba viwili na mlango mmoja.

Jumamosi jioni alikuwa ameipeleka pikipiki yake kuoshwa pale kando ya barabara, kwa mashine ya maji ya presha, kama alivyofanya kila siku ya kazi. Kisha akaitoa betri, akaipangusa kwa kitambaa, akaingia nayo ndani. Ukiacha betri nje Gitothua, asubuhi utakuta nafasi yake. Akaiweka sakafuni karibu na kitanda, akaichomeka kwenye chaja, wakala, wakalala. Asubuhi, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu, akasikia mlio kama wa mahindi yanayorukaruka kwenye sufuria. Alipogeuka, moshi mweupe ulikuwa unatoka pembeni mwa betri.

Akachomoa waya. Akaishika betri kwa mpini wake wa kubebea, akaelekea mlangoni. Betri hiyo ina uzito wa mtungi wa maji uliojaa. Kabla hajafika kizingitini, ililipuka na kutoa moto. Mtu yeyote angeiachilia. Lakini mke na mtoto walikuwa nyuma yake, na angeiachilia hapo mlangoni wangekosa pa kutokea. Basi akaishikilia. Akatembea nayo ikiwaka mikononi hatua tano au sita, akaitupa kwenye mtaro wa maji machafu, ikaendelea kuwaka ndani ya maji. Pazia lilikuwa limeshashika. Jirani wa duka la vifaa vya ujenzi alimtoa mtoto, mke akatoka mwenyewe na Biblia na begi la vyeti, na nyumba ikaisha.

Simu ilinikuta kanisani Membley. Nilipofika hospitali nilimkuta amekaa kwenye benchi, mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni, ameiinua mbele yake kama mtu anayesubiri kupokea mzigo.

"Siz," akaniambia, kama anavyoniita mimi dada yake, "hiyo kitu haikunipa hata dakika moja."

Hakujua alichokuwa akiniambia. Mimi nilijua, na nikaenda msalani nikajifungia huko.

Nifundishacho ni umeme. Nipo katika chuo cha ufundi Thika tangu nilipokuwa msichana wa kwanza kuajiriwa katika idara ile, na wanafunzi na walimu wenzangu wote huniita Madam. Mwaka mmoja kabla ya moto huo, mkuu wa chuo aliombwa atoe mtu wa kukaa kwenye kamati ya taifa inayosoma rasimu za kanuni za kimataifa za usalama wa magari ya umeme. Hakuna aliyeitaka kazi hiyo, ina karatasi nyingi na haina sifa. Akatoa jina langu. Niliona fahari, sitakataa. Niliwaambia nyumbani kwamba dunia nzima inaandika kanuni moja, na kwenye meza hiyo kuna mtu wa Thika.

Meza yenyewe ilikuwa skrini ya kompyuta. Wajumbe wa nchi kadhaa wanakutana mtandaoni, wanapitia rasimu fungu kwa fungu, neno kwa neno. Betri itikiswe vipi, ipondwe vipi, ichomwe vipi, izamishwe vipi majini, ndipo mtu aruhusiwe kuiuza. Kuna fungu moja nililipenda tangu mwanzo. Linasema seli moja ya betri ya gari ikianza kuungua, gari lenyewe lazima limwonye dereva mapema, ili abiria wapate dakika za kutosha kufungua milango na kutoka kabla moto haujawafikia. Nililifundisha darasani. Niliwaambia wanafunzi, tazameni jinsi watu waliofikiri wanavyoandika.

Lakini hizo dakika ni za watu walio ndani ya gari. Betri ikitolewa kwenye pikipiki na kuwekwa karibu na kitanda, haina dashibodi, haina taa, haina king'ora. Ndugu yangu aliposema haikumpa dakika moja, alikuwa analisoma fungu hilo bila kuliona, kutoka upande ule usioandikwa.

Na si hilo lililonipeleka msalani. Katika rasimu ya mwanzo kulikuwa na fungu jingine, la mistari michache, lililosema betri inayotolewa kwenye pikipiki itikiswe kwanza kama inayopita barabara mbovu, na betri hiyo hiyo imwagiwe maji ya presha, kisha ichajiwe. Kikao kimoja mjumbe fulani akapendekeza fungu hilo liondolewe, litazamwe siku za usoni. Mwenyekiti akapitia nchi moja moja. Mimi siku hiyo nilikuwa nasahihisha mitihani. Kamera nilikuwa nimeizima, kalamu nyekundu mkononi, sauti ya kikao nimeiacha chini kama redio ya jikoni. Nikasikia nchi yangu ikitajwa. Nikabonyeza kitufe.

"Sina pingamizi," nikasema, nikarudi kwenye karatasi ya mwanafunzi aliyekuwa amechanganya wati na volti.

Fungu likaondolewa. Hata sikuuliza ni fungu gani; nililijua baadaye, nilipopokea kumbukumbu za kikao.

Wiki iliyofuata moto nilikwenda kwa waliomuuzia pikipiki. Ofisi yao iko Thika, upande wa viwanda, ina vioo na mashine ya maji baridi. Meneja alikuwa kijana mtaratibu, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akanipa chai kabla sijakaa. Chai hiyo ndiyo iliyoanza kunichemsha.

"Pole sana, Madam," akasema. "Lakini tuseme ukweli. Si aliosha betri na presha?"

"Aliosha pikipiki."

"Ni kitu moja."

"Wewe umeshawahi kuona bodaboda Ruiru haijaoshwa na presha? Hata moja?"

"Kijitabu kinakataza." Akafungua mtoto wa meza, akanionyesha. Ukurasa ulikuwa na maandishi madogo ya lugha ambayo mimi na yeye hatukuijua, na nyuma Kiingereza kilichopindapinda.

"Yeye alipewa hiki?"

Akakigeuza kijitabu mkononi. "Tulikuwa tunangoja vingine vifike."

"Kwa hivyo alivunja sheria iliyokuwa kwenye meza yako."

Hapo sauti yangu ilipanda, na msichana wa mapokezi akachungulia. Meneja hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika. Aliinua macho akaniambia kwa upole kabisa, "Madam, hii betri imepita majaribio yote ya kimataifa. Yote. Hakuna jaribio ilianguka. Unaweza kuangalia vyeti."

Nikaviangalia. Alikuwa anasema kweli. Betri iliyomchoma ndugu yangu ilikuwa halali kabisa, na ilikuwa halali kwa sababu, miongoni mwa sababu nyingine, mimi nilikuwa nasahihisha mitihani.

Nilitoka pale nikiwa nimekasirika kiasi kwamba nilitembea kwa miguu mpaka chuoni nikisahau kwamba nilikuja na gari.

Hasira peke yake haiingizi fungu kwenye rasimu. Nilihitaji kuonyesha. Niliwaza hivi: kwenye maabara za wenzetu, betri moja hutikiswa, na betri nyingine mpya hutiwa majini. Zote mbili hupita. Lakini betri ya ndugu yangu ndiyo iliyotikiswa na ndiyo iliyooshwa. Ilipita mashimo ya barabara ya Mugutha, huko huko Ruiru, asubuhi mpaka jioni, ufito wa mpira unaoziba kifuniko chake ukalegea, kisha ikapelekwa chini ya mdomo wa mashine ya presha, kila siku, miezi yote hiyo.

Thika kuna karakana ya mzee mmoja Kalasinga, Mhindi wa kilemba, aliyezaliwa mji huu huu kama baba yake, na ambaye wanafunzi wangu huenda kwake kujifunza kazi. Anazungumza Kikuyu kizuri kuliko watoto wangu. Ni mtu wa kununa. Nilipomwomba uwanja wake, aliniuliza kama nina wazimu.

"Unataka kuchoma betri kwangu?"

"Sitaki ichomeke. Nataka kuona kama itachomeka."

"Hiyo ni maneno ya mwalimu." Akaendelea kusugua chuma chake muda mrefu. Kisha akaonyesha kwa kidole lile shimo la zege la kukagulia malori. "Huko chini. Na mchanga ulete mwenyewe. Na ukiharibu kitu, ngoja utaniona."

Waendesha bodaboda watatu wa steji ya Mugutha, kituo chao cha kungojea abiria, walinipa betri zao, zile zile za aina ya ndugu yangu, kila moja ikiwa imeshafanya kazi miezi kadhaa. Fundi wangu wa maabara alitafuta ya nne, mpya kabisa. Na kutoka Ruiru nikamleta mama anayeosha pikipiki pale kando ya barabara, pamoja na mashine yake, kwa sababu sikutaka mtu yeyote aje kusema nilimwaga maji kuliko kawaida.

"Nioshe vipi?" akaniuliza.

"Unavyoosha siku zote."

"Na mwenye pikipiki ananiharakisha ama haniharakishi?"

"Anakuharakisha."

Akaosha. Aliosha kwa ustadi, akipitisha maji kwenye kila pembe, akizirudia zile sehemu zenye matope magumu, kwa kuwa ni mwanamke anayeipenda kazi yake. Kisha tukazipangusa betri, tukazipima kwa kile kifaa cha kupimia umeme unaovuja, ambacho mafundi tunakiita mega. Ile mpya ilikuwa safi. Ya kwanza kati ya zile za Mugutha ilikuwa safi pia, na mzee Kalasinga akaguna akiwa mlangoni. Ya pili, mshale ukashuka, alama ya kuvuja, mpaka nikadhani nimeshika waya vibaya. Nikarudia. Ukashuka tena. Ya tatu nayo ilivuja, tukaiteremsha shimoni na kuichomeka kwenye chaja kwa waya mrefu, kamera ikiwa juu ya miguu yake mitatu.

Mpaka saa saba mchana hakukuwa na kitu. Tukanunua chapati na maharagwe, tukala tumesimama. Kabla ya saa tisa, ule mlio ukaanza, wa mahindi. Mama wa kuosha pikipiki ndiye aliyeusikia kwanza.

"Ngai!" akasema, akimwita Mungu kwa Kikuyu, "hiyo ni nini?"

Moshi mweupe ukapanda kutoka shimoni, halafu moto, mrefu na mwembamba kama wa tochi ya kuunganishia vyuma. Tulirudi nyuma mpaka ukutani. Nilikuwa namwona ndugu yangu ameubeba huo moto mikononi, anatembea.

Moto ulipozima, mama yule akakunja mpira wake wa maji. Kisha akaniuliza, "Kwa hivyo ni mimi nilimchoma?"

Ndiye aliyekuwa akimwoshea ndugu yangu pikipiki. Sikuwa nimejua. Nilimwambia si yeye, nikamwambia mara tatu, na sikuona kama ameniamini. Hapo ndipo hasira yangu ilipopata sura. Kulikuwa na mlolongo mzima wa watu wenye shahada, pamoja nami, na mwisho wa mlolongo huo aliyejiona mkosaji alikuwa mama mwenye mpira wa maji mkononi.

Nikaandika ripoti, nikaambatisha video, nikaomba fungu lirudishwe. Kikao cha kwanza niliwekwa mwisho wa orodha na muda ukaisha. Cha pili hali kadhalika. Cha tatu nilimwandikia mwenyekiti kwamba nisipopewa nafasi nitazungumza bila kupewa. Akaniweka wa pili.

Niliketi maabarani mchana, wanafunzi wakigonga vyuma chumba cha pili. Nikaonyesha video. Kisha mjumbe mmoja, mtu mzima mwenye sauti nzuri, akanishukuru kwa kazi ya kuvutia. Akasema hata hivyo kuosha betri kwa presha ni matumizi mabaya, na kanuni haiwezi kumkinga mtu na matumizi mabaya.

"Kwa nini wasipanguse kwa kitambaa?" akauliza, na nadhani aliuliza kwa nia njema.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya adabu. Yakanipotea.

"Bwana," nikamwambia, "njoo Mugutha mvua ikinyesha. Udongo wetu ni mwekundu, na ukikauka unashika kama saruji. Abiria wa bodaboda anakwenda kazini na nguo nyeupe, ni muuguzi, ni karani, ni mtoto wa shule. Pikipiki chafu haipati abiria. Mwenye pikipiki anaiosha kila siku na ataendelea kuiosha kila siku. Jambo ambalo watu wote wanalifanya kila siku, mahali ambapo mashine inauzwa kwao, haliwezi kuitwa matumizi mabaya. Hayo ndiyo matumizi. Kama hamkuyajua, ni kwa sababu hamkuuliza, na mimi niliyetakiwa kuwaambia nilinyamaza. Sasa nawaambia. Gari la kwenu mnalipa dakika za kutoa watu nje. Ndugu yangu betri hiyo ilimpa nini? Muda wa kuvaa kiatu kimoja."

Sikumbuki kama nilipiga meza. Fundi wangu anasema nilipiga.

Mjumbe wa nchi moja ya Asia, ambako pikipiki ni nyingi kuliko kwetu, akafungua kamera. Akasema nao wanaosha hivyo hivyo, na wamezima mioto wasiyoiandikia ripoti. Kutokea hapo mazungumzo yakabadilika, kwa polepole ya kuudhi. Yalikwenda vikao vitatu vingine. Walibishania urefu wa mdomo wa mashine. Walibishania joto la maji. Na walipomaliza, walilirudisha fungu langu likiwa zima kabisa, lakini wakaliweka kwenye kiambatisho nyuma, na pale penye neno "lazima" wakaandika "inaweza". Nchi inayotaka inaweza kudai jaribio hili.

Nilifunga kompyuta nikakaa gizani mwa maabara na mapazia yake mazito, nikilia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa. Miezi ile yote, kwa ajili ya "inaweza".

Baadaye nikasoma tena. Nchi inayotaka. Basi ilibaki kuifanya nchi itake.

Kamati yetu ya taifa ilikuwa na mjumbe wa waagizaji wa pikipiki, mwanamke mwerevu niliyemheshimu, naye alipinga. Alisema jaribio hilo litachelewesha mizigo bandarini, na kila pikipiki ya umeme inayocheleweshwa ni ya petroli inayobaki barabarani ikitoa moshi. Si hoja ya kipumbavu. Mwenyekiti akaamua tuite watu watoe maoni, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kelele, mkutano ukawekwa Thika.

Nikamwendea ndugu yangu. Walikuwa wamehamia chumba kimoja karibu na kwa dada ya mke wake. Mikono ilikuwa imepona, kwa maana ya kwamba ngozi ilikuwa imefunga. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka, na hivyo ndivyo vya breki. Nikamweleza kuhusu mkutano. Nikamwambia, ukisimama mbele yao ukawaonyesha mikono, hakuna atakayepinga.

Akaingiza mikono mfukoni.

"Siz, mimi si sampuli yako."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Video umewaonyesha, sasa unataka uwaonyeshe mimi."

Mke wake aliacha kukata sukuma wiki. Nikaona kwamba sasa au kamwe, nikamwambia lile nililomficha: kikao, mitihani, kalamu nyekundu, sina pingamizi. Nilimwambia lote bila kujitetea. Nilipomaliza hakupiga kelele. Alimwomba mke wake maji, akanywa akishika kikombe kwa mikono miwili, kama anavyoshika vikombe siku hizi.

"Kwa hivyo mlikuwa mmeiandika," akasema. "Halafu mkaifuta."

"Ndiyo."

"Na wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwa hapo."

"Enda nyumbani, siz."

Nilikwenda. Hakunipigia simu wiki mbili, wala mimi sikumpigia.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa bodaboda, makoti yao ya rangi yakiwa yamewekwa magotini. Watu wa kampuni walikaa mbele. Yule meneja wa shati la pasi alikuwepo. Nilikuwa nasoma fungu kwa Kiswahili, nikilifafanua, niliponyanyua macho na kumwona ndugu yangu amesimama nyuma karibu na mlango, mikono mfukoni. Hakuitoa mfukoni hata mara moja. Ulipofika wakati wa maswali, alipewa kipaza sauti na jirani yake, akamwomba huyo jirani amshikie.

"Mimi nina swali kwa wenye kuuza," akasema. "Nyinyi mnasema nisioshe. Sawa. Nyinyi wenyewe, pale nje ya ofisi yenu, pikipiki za maonyesho mnaziosha na nini?"

Ukumbi ulianza kucheka kabla meneja hajajibu, maana kila mtu anayepita barabara ile ameziona zikioshwa. Meneja alisimama. Kwa haki yake, hakudanganya.

"Na presha," akasema.

Kelele zilizofuata hazikunyamazishwa na mwenyekiti, na nadhani hakujaribu.

Kamati ilikutana wiki iliyofuata. Neno "inaweza" likaondolewa, likaandikwa "lazima", kwa kila betri ya pikipiki itakayoingia nchini baada ya kanuni kutangazwa. Mjumbe wa waagizaji aliomba muda wa kujipanga, akapewa, na muda huo mimi naona ni mrefu mno. Kabla ya kufunga nikaomba kumbukumbu za kikao zionyeshe kwamba fungu hili liliwahi kuondolewa, na kwamba mjumbe wa nchi yetu hakupinga.

"Hiyo haina haja, Madam," mwenyekiti akasema. "Yamepita."

"Andika."

"Itakuharibia wewe mwenyewe."

"Najua itamharibia nani. Andika."

Karani akaandika.

Ndugu yangu sasa ni karani wa steji. Anapanga zamu na kusuluhisha ugomvi, kazi ambayo anaifanya vizuri na ambayo anaichukia. Tunazungumza. Hatuzungumzi kama zamani. Binti yake hataki chochote kinachochajiwa kiwe chumbani, hata simu, na wanamtii.

Nilikwenda Mugutha kuwaeleza waendesha pikipiki juu ya kanuni mpya. Walipiga makofi. Kisha mmoja wao, mtu wa rika langu, akanyoosha mkono akagonga betri iliyokuwa chini ya kiti chake.

"Na hii yangu, Madam? Hii yenye niko nayo leo?"

Nikamwambia ukweli. Kanuni ni ya zinazokuja. Zilizopo barabarani haizigusi.

"Kwa hivyo mimi niungue tu?"

Nikamwambia ailete Jumamosi kwenye karakana ya mzee Kalasinga, nitaipima, na kama mpira umelegea tutaubadilisha. Walikuja kumi na mmoja Jumamosi hiyo. Mzee alilalamika tangu tulipofungua lango mpaka tulipolifunga, akakata mipira mwenyewe kwa mkono kwa kuwa hakuridhika na nilivyokuwa nikiikata. Kati ya zile kumi na moja, nne zilikuwa zinavuja. Nikazitia alama ya rangi, nikawakataza wenyewe wasizichaji ndani ya nyumba, na nikamwandikia mwenyekiti wa kamati barua ya kudai kanuni iziguse na zilizopo barabarani, yenye maneno makali ambayo fundi wangu alinishauri niyapunguze. Sikuyapunguza.